Kumwacha mpenzi anayekutesa na usirudi tena: mwongozo kamili kwa vijana wa Kisumu na viunga vyake

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kuondoka tayari wameshaondoka mara moja, mbili, hata nne. Msichana anaandika ujumbe mrefu saa sita usiku, anamzuia kijana kwenye simu, analia mpaka asubuhi. Siku ya tatu kijana anatuma rafiki: "Anataka tu kukuomba msamaha, mara moja, uso kwa uso." Wanakutana. Wiki inayofuata msichana ameanza tena kuripoti mahali alipo kila saa.

Mimi nilirudi mara tatu nikiwa na miaka 17. Niliondoka kwa hasira, na hasira yangu haikuwahi kumaliza wiki. Kuondoka ni kama kuhama nyumba: hufungi mlango kabla hujatoa godoro. Hatua zilizo hapa chini zina mfuatano wake, na walioshindwa wengi waliruka ya pili na ya nne.

Soma hapa kwanza. Kama amekulazimisha kingono au amekuumiza ndani ya siku tatu zilizopita, acha mengine yote na uende moja kwa moja Hatua ya 6. Kama unahofia maisha yako usiku huu, piga 999 au 112.

Naandika kwa msichana kwa sababu ndio wanaonijia zaidi. Mvulana anayepigwa au kudhibitiwa na mpenzi wake atumie hatua hizi hizi. Nambari ni zile zile na fomu ni zile zile.

## Vitu vya kuandaa

- Mtu mzima mmoja (Hatua ya 2 inaeleza jinsi ya kumchagua).
- Simu ambayo yeye hajawahi kuishika. Hata mulika mwizi ya jirani, ile simu ndogo yenye tochi, inatosha.
- Daftari dogo lisilo na jina.
- Nambari hizi, kwenye karatasi na si kwenye simu yako: 1195 ya dhuluma za kijinsia, 116 ya watoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18. Zote mbili ni za bure, mchana na usiku.
- Nauli ya safari mbili, pesa taslimu. Usiiweke M-Pesa kama anaijua PIN yako.
- Nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho. Umri wako utaulizwa hospitalini, polisi na mahakamani.

Huna vyote? Anza na mtu mzima na karatasi ya nambari. Vingine vitafuata.

## Hatua ya 1: Daftari la siku saba

Kwa siku saba, andika kila jambo ulilofanya kwa kuogopa atakavyokasirika. Usiandike aliyoyafanya yeye, andika uliyoyafanya wewe. "Nilibadilisha sketi." "Nilitoka kanisani kabla ya matangazo kwa sababu simu ililia mara sita." "Nilipiga picha sahani ya ugali na omena nikamtumia, ili aamini niko kwetu."

Hiyo ya omena ni yangu. Stima ilikuwa imepotea, kwa hiyo niliwasha tochi ya simu ya mama nimulike sahani, na ndugu yangu mdogo akauliza kwa nini chakula kinapigwa picha gizani. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka minane.

Sababu ya kuandika hivi ni kwamba ukiorodhesha makosa yake, moyo wako utageuka wakili wake: alikuwa amechoka, alikuwa amelewa, ana wivu kwa sababu ananipenda. Ukiorodhesha uliyoyafanya wewe kwa hofu, wakili hana la kusema.

Onyo: jina lake lisionekane kwenye daftari. Liweke kati ya vitabu vya shule, au likae kwa yule mtu mzima.

Utajua hatua hii imekamilika pale utakaposoma ukurasa wa saba na kuona huna tena haja ya kuuliza mtu kama haya ni mateso kweli au unadeka tu.

Neno moja kuhusu pesa, maana ndilo linalowafunga wengi. Alikununulia simu. Anakupa nauli ya tuktuk kila asubuhi. Alikulipia salio la karo. Sisi tuliokulia karibu na ziwa tunalijua neno jaboya, biashara ya samaki kwa mwili, na tunaisema vibaya sana. Lakini kuna mapenzi ya vijana yanayoendeshwa kwa mkataba ule ule, samaki wakiwa wamebadilishwa na bando. Zawadi si deni. Na hata kama lingekuwa deni, lingelipwa kwa shilingi.

## Hatua ya 2: Mtu mzima mmoja

Watatu ni wengi, siri itavuja. Bila hata mmoja utarudi, maana saa tano za usiku ukimkumbuka hutakuwa na pengine pa kupeleka huo uzito.

Chagua anayejua kunyamaza, si lazima awe anayekupenda kuliko wote. Mama akiwa mkali, anza na shangazi, au nyanya, au mwalimu wa ushauri nasaha. Usimchague rafiki wa kijana huyo, hata awe mpole namna gani. Ukikosa kabisa mtu, piga 116. Atakayepokea atakusaidia kufikiria nani katika ukoo au mtaa wako anaweza kubeba jambo hili.

Mwende akiwa peke yake, na useme haya au yanayofanana nayo:

"Shangazi, nina jambo zito. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kunigombeza. Kuna kijana ananipiga na nataka kumwacha. Tafadhali usimpigie simu. Nataka unishikie vitu fulani, na uje nikikuita."

Usisahau sentensi ya kutompigia simu. Mtu mzima mwenye uchungu hukimbilia kumuonya kijana, na kijana akionywa kabla wewe hujawa tayari, utakayelipa ni wewe.

Ukiwa chini ya miaka 18, muulize mwalimu au mshauri mapema ni mambo gani hataweza kuyafanya siri. Akisikia uhai wako uko hatarini, huenda akalazimika kuwahusisha wengine. Ni afadhali ujue kabla ya kufungua mdomo.

Kubalianeni na neno la siri. Msichana ninayemsaidia sasa humtumia shangazi yake ujumbe, "Omena imefika?" Maana yake: nipigie sasa hivi, jifanye kuna dharura nyumbani. Lijaribuni mara moja siku ya kawaida. Shangazi akipiga ndani ya dakika tano, hatua imekamilika.

## Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kimyakimya

Huenda hutaki kesi leo. Kusanya tu. Mwezi ujao ukitaka, jumbe zitakuwa zimefutwa, na WhatsApp humruhusu aliyetuma afute hata upande wako.

Piga skrinishoti za vitisho. Kabla ya kupiga, fungua maelezo ya namba yake ili tarakimu zenyewe zionekane, kwa sababu jina ulilomhifadhi nalo, "Baby" na kadhalika, halithibitishi ni nani. Tarehe ionekane pia. Jeraha lipigwe picha mara mbili: moja karibu, nyingine inayoonyesha uso wako, ijulikane ni mwili wa nani.

Zitume kwa simu ya shangazi, au yeyote uliyemchagua kwenye Hatua ya 2, kisha zifute kwako, na usisahau kufungua sehemu ya picha zilizofutwa uzitoe huko pia.

Onyo kubwa: kama anakutisha kwa picha zako za utupu, piga skrinishoti ya maneno ya vitisho tu. Picha yenyewe usimtumie mtu yeyote, hata shangazi, hata kwa nia njema.

## Hatua ya 4: Safisha simu, lakini si yote siku moja

Hapa ndipo wengi huanguka. Msichana anaondoka, anahamia kwa nyanya Ahero, na Jumamosi kijana anashuka matatu hiyo hiyo. Hakuna mchawi hapo. Ni simu.

Siku yoyote kabla ya kuondoka, bila yeye kutambua, angalia:

WhatsApp. Fungua mipangilio, kisha sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, kuna mtu anasoma kila unachoandika. Mara nyingi ni yeye, aliskani siku ile uliyomwachia simu akakushikia.

Mahali ulipo. Google Maps ina sehemu ya kumshirikisha mtu mahali ulipo, na Snapchat ina ramani yake. Angalia nani yumo.

Akaunti ya Google. Akiwa na nenosiri lake, anaweza kutafuta simu yako ilipo kama vile ameipoteza yeye.

M-Pesa. Badilisha PIN. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa.

Kuangalia kunaweza kufanyika leo. *Kukata* subiri siku ya kuondoka yenyewe, isipokuwa PIN, ambayo unaweza kusema uliisahau ikabidi uibadilishe. Ukimkata Jumatatu na kuondoka Ijumaa, umempa siku nne za kukuuliza kulikoni.

Kama simu aliinunua yeye, ichukulie kuwa ina masikio. Mipango yote ifanyike kwa simu ya mtu mwingine, na siku ya kuondoka uiache au uizime.

## Hatua ya 5: Siku ya kuondoka

Chagua siku ambayo hutakuwa peke yako jioni. Kwa mwanafunzi wa bweni, siku nzuri ni ile ya kurudi shule, ukiwa tayari ndani ya geti.

Kata kila ulichoona kwenye Hatua ya 4. Kisha tuma ujumbe mmoja: "Nimeamua uhusiano wetu uishe. Usinipigie, usinifuate, usitume mtu." Basi. Usieleze sababu, maana kila sababu utakayotoa ataijibu, na mkianza kujibizana mmeshaanza kuzungumza. Piga skrinishoti ya ujumbe huo ukiwa umeshatumwa. Siku ukienda polisi, utaonyesha kwamba alikatazwa na bado akaendelea.

Halafu mzuie kila mahali. Tarajia jumbe za "tafadhali nipigie" kutoka namba ngeni. Zihifadhi, usijibu.

Hakuna mkutano wa mwisho. Sina msimamo mkali kuliko huu. Usiende kuchukua sweta. Usiende kurudisha simu, mpe shangazi aipeleke kwa wazazi wake. Usiende kusikiliza msamaha. Kwa mtu wa aina hii, wakati anapoamini kwamba umeondoka kweli ndio wakati wa hatari zaidi.

Atasema atajiua. Lichukulie kwa uzito: mpigie mama yake, au kaka yake, au yeyote wa kwao, umwambie alivyosema na uhifadhi ujumbe. Umewapa watu wake habari, nao ndio walio karibu naye. Usiende wewe.

Kwa wiki kadhaa badilisha njia. Kama alizoea kukungoja stendi ya Kondele, shukia kwingine na utembee na mwenzako. Waambie wa geti la shule jina lake.

Jioni ile ukilia, kwa shangazi, na simu yako imezimwa mezani, umefaulu. Kulia si dalili kwamba umekosea.

## Hatua ya 6: Kama amekulazimisha kingono au amekuumiza

Hospitali kwanza, polisi baadaye. Huhitaji barua ya polisi ndipo utibiwe.

Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zinazoitwa PEP, zianzwe ndani ya saa 72. Kila saa ina maana, usingoje ya 71. Humezwa kwa siku 28, na nimewaona wengi wakiziacha siku ya kumi kwa sababu ya kichefuchefu. Rudi kliniki uwaambie, usiache. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, navyo vikiwahi ni bora zaidi.

Usioge na usipige mswaki kabla ya kupimwa, hata kama ndicho kitu pekee unachotaka duniani. Nguo ulizovaa ziweke kwenye bahasha ya kaki au gazeti, si nailoni. Nailoni hufungia unyevu na ushahidi huoza.

Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wazee bado wanaiita Russia, ina kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Walioko Nakuru waende hospitali kuu ya kaunti. Ukiwa mbali, hospitali yoyote ya umma iliyo karibu ianze kukutibu. Sheria inataka matibabu haya yawe bure. Mlangoni usisimulie hadithi mbele ya foleni nzima, sema tu, "Natafuta kliniki ya GBV," yaani ya dhuluma za kijinsia.

Karatasi tatu, na usizichanganye:

1. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini kwa kesi za kingono. Usiondoke bila nakala yako.
2. Nambari ya OB ni ya polisi: taarifa yako imeandikwa kwenye kitabu chao. Bila nambari hiyo ulizungumza tu, hukuripoti. Omba dawati la jinsia, yaani maafisa wanaoshughulikia dhuluma za kijinsia.
3. Fomu ya P3 hutolewa na polisi na kujazwa na daktari kuonyesha ulivyoumia. Ni ya bure.

Ukiwa chini ya miaka 18 na yeye ni mtu mzima, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiulizi kama ulikubali. Ni unajisi. Na jambo hilo halimalizwi kwa mzee wa mtaa wala kwenye kikao cha familia mbili na mbuzi. Atakayekuambia "tulimalize nyumbani" mjibu kwamba tayari lina OB.

Kama ni kipigo au kufuatwafuatwa, Sheria ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 haihusu wanandoa peke yao. Imetaja pia watu wenye uhusiano wa karibu wa kibinafsi, kwa hiyo hata mpenzi ambaye hukuwahi kuishi naye. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomkataza kukukaribia. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, kina ofisi Kisumu na huwasaidia wasioweza kulipa wakili.

### Akitishia kusambaza picha zako

Usimlipe. Akilipwa mara moja atarudi. Kusambaza picha za siri za mtu ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, kifungu cha 37: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Kwa picha zilizopigwa ukiwa chini ya miaka 18, kuna huduma ya bure mtandaoni iitwayo Take It Down. Hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuizuia isipakiwe kwao. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Aliyetimiza miaka 18 atumie StopNCII.

## Hatua ya 7: Miezi ya kwanza

Utamkumbuka. Hakuna anayekuambia hili, ndiyo maana likija unadhani ni ishara urudi. Utakumbuka alivyocheka, utakumbuka mahindi choma ya Dunga jioni, hutakumbuka ukuta aliokusukumia. Daftari la Hatua ya 1 liliandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Mpigie shangazi akusomee kurasa mbili kwa sauti.

Ukirudi kwake, anza tena Hatua ya 2 bila kujiadhibu. Ya kwanza tayari unayo.

Kupona hakuji na tarumbeta. Mimi nilitambua siku niliyokaa kwenye kibanda cha samaki na mgongo wangu ukiuelekea mlango, nikala mpaka nikamaliza, ndipo nikaona nilivyokaa.

## Hatua ya 8: Kumsaidia mwingine

Wengi hutaka kuanzia hapa. Ametoka kwenye mateso wiki tatu zilizopita, tayari ameombwa kusimulia kanisani. Mimi nilisimulia mapema mno, mbele ya ukumbi wa wanafunzi. Nilipigiwa makofi, nikarudi nyumbani, sikulala siku mbili. Kanuni yangu, si ya kitabu: ngoja angalau miezi sita, na usiwe na kesi inayoendelea. Na si lazima usimulie yaliyokupata. Hadithi yako si kiingilio cha kazi hii.

Kazi yenyewe haina kipaza sauti. Anza kwa kuzunguka. Chukua siku mbili, nenda hospitalini uone kliniki iko jengo gani na hufungwa saa ngapi. Nenda kituo cha polisi cha mtaani kwenu, uliza dawati la jinsia liko mlango upi na nani yuko zamu wikendi. Nenda kwa afisa wa watoto. Andika yote. Karatasi hiyo ina faida kuliko hotuba kumi, kwa sababu msichana aliyepigwa usiku akiambiwa "nenda dawatini" na akakuta mlango umefungwa, anarudi kwa aliyempiga.

Mtu akikujia, mwamini, kisha muulize, "Unataka nini kitokee?" Usimuulize kwa nini hakuondoka mapema. Usiende kumkabili kijana, na usikusanye vijana wa mtaa kumpiga, hata wakijitolea, nao hujitolea. Usiweke jina wala picha ya yeyote mtandaoni. Aliye chini ya miaka 18 umuunganishe na mtu mzima au 116 siku hiyo hiyo. Wewe ni wa kusindikiza, si mpelelezi. Na mtu mmoja kwa wakati mmoja, ukiwa na mtu wako wa kukusikiliza wewe pia.

Ukizoea, peleka mazungumzo kwenye klabu ya shule au kikundi cha vijana kanisani. Siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, huangukia likizo, vijana wako nyumbani. Wavulana waite pia, na usianze kwa kuwashtaki. Waulize, "Rafiki yako akimpigia msichana mara ishirini kwa saa moja, wewe humwambia nini?" Kisha unyamaze. Mara ya kwanza nilipouliza hivyo Nyalenda, kimya kilidumu mpaka mmoja akasema, "Sisi humuuliza kama msichana ameshika simu." Tulianzia hapo.

Begi langu la kusindikiza hukaa nyuma ya mlango. Lina leso, chupa ya maji, biskuti kwa sababu PEP tumboni patupu inasumbua, bahasha mbili za kaki, kalamu, chaja, na nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi.